Maji ya Samaki Zako Hatujayamwaga

Mutoto wangu Kasereka,

Nakusalimia kwa jina la Bwana, sana sana. Koko yako, mama ya baba yako, anakusalimia. Macho yake imefungwa kabisa sasa, anatambua batu kwa sauti, na kila moto, kila pikipiki, inayosimama ku barabara anauliza, "Ni yeye?" Masika, dada yako mukubwa, anakusalimia, hata kama siku hizi anaongea kidogo, sababu yake utaisoma huko chini. Kavira anakusalimia, masomo yake ilienda vizuri, anasema usirudi mikono mitupu. Baba mudogo Kambale anakusalimia. Sisi naye tuligombana, mais salamu ni salamu, naiandika. Mama jirani wa mikate anakusalimia na batoto bake bote. Mbuzi ilizaa. Na mimi mama yako niko, napumua.

Barua hii siifungi. Nitaipa dereva mumoja wa Beni, muislamu, mutu muzuri, anayeshuka Kamango kuchukua kakao. Nilimuambia asome, asomee na bengine kila fasi anasimama, labda mumoja anakujua. Donc usione haya ukikuta batu banajua habari ya nyumba yetu. Mama anayetafuta mutoto, haya yake ilishakwisha.

Naanza na samaki, sababu wewe ndiyo uliziuliza. Siku ile uliniita ku telefone ukiwa Beni, hukuuliza kama nimekula. Ulisema, "Mama, samaki zinaendelea?" Nikajibu ziko. Ukasema, "Kesho nashuka Kamango. Usizipe unga ya foufou mingi, inachafua maji." Nikacheka, nikakuambia wewe unapenda samaki kuliko mama. Ukacheka na wewe. Tangu pale, nikikuita, ni yule mwanamuke wa kifaransa tu anaongea mu telefone, sauti yake tamu, hajui mutu anatafuta mutoto.

Unakumbuka siku tulizileta toka Kyavinyonge? Muvuvi alituangalia, akasema, "Batu ba Butembo bananunua samaki ya kula, ninyi munanunua ya kuangalia?" Ukamujibu, "Papa, acha tuiangalie kwanza, ikikua itatuambia yenyewe." Akacheka mpaka akatuongeza kamoja bure. Mimi nilikaa nyuma ya moto na bidon, dumu ya manjano yenye ulikata mudomo, ku magoti, na baridi ya Kyondo ikinichoma vidole. Ku kila mulima ulisimamisha motard. "Mama, chota na kikombe, inua juu, mwaga tena ndani. Pumzi yao iko mu kuanguka kwa maji." Bamama bamoja bakapita na mizigo ya muhogo, bakauliza kama nabatiza bidon. Nilicheka, mais sikuacha kuchota. Mpaka nyumbani hata samaki moja haikukufa.

Na vile vioo ulivyoomba ku atelier ya madirisha, vipande vya kukatika, ukavibandika na silikoni mu salon. Usiku wa kwanza vikavuja, koko akaweka muguu chini akapiga kelele, "Ziwa imetufuata!" Ukabandika tena. Ukaweka ile akwariumu yako fasi ya televisheni tusiyokuwa nayo, na jioni batoto ba jirani banakuja kukaa chini banaangalia, kama ni filme.

Kitu moja siisahau. Ukaniita kutoka jikoni, "Mama, kuja mbio." Yule samaki jike alikuwa na batoto bake badogo kama punje za mutama. Ukagonga kioo na kidole. Akafungua kinywa, bote bakaingia ndani, akafunga. Ukasema, "Ona, anabaficha mu kinywa." Siku ile nilisema ni ajabu. Siku hizi nikimuangalia, namuonea wivu.

Mbele ya kuondoka, ulienda ku muto Kimemi ukaleta majani ya mu maji, ukayapanda mu muchanga ya akwariumu ili samaki zipate kivuli. Ulipokwisha kuondoka, nikaona mu mizizi tududu, rangi ya matope, tuna miguu sita na macho makubwa. Tule tududu tulikuwa tunakaa kimya, ungesema ni takataka. Kisha katoto ka samaki kanapita, mudomo wa kale kadudu unatoka mbele kama mukono, unakamata. Nilikaona na macho yangu. Batoto ba samaki bakaanza kupunguka.

Unajua Masika. Toka wakati wa Ebola, tulipokuwa tunanawa dawa ya chlore ku kila mulango, ku kanisa, ku soko, mpaka harufu yake ikawa harufu ya mikono yetu, kwake hakuna uchafu wenye chlore haiwezi. Mimi nilikuwa soko. Akaona tududu, akamwaga kifuniko cha chlore mu maji. Nilipofika akanipokea ku mulango na furaha, "Mama, nimeisafisha!" Kuingia, samaki ziko zinalala ubavu juu ya maji. Nikamukimbiza yule jike mu beseni ya maji ya mvua. Yeye peke yake ndiyo alibaki. Na tududu? Hapana kufa. Tulikuwa tunatembea chini mu muchanga kama batu banaenda soko. Masika alilia sana. Ukirudi usimugombeze. Alitaka kukuchungia kitu yako.

Nikabadilisha maji, nikamurudisha jike ndani, na kila asubuhi nikawa nachuja tududu na chujio ya chai. Mais tududu tu mu mizizi hatukwishi.

Sasa nakuambia ya baba mudogo. Alienda Beni kukutafuta, na njia ile unaijua, namushukuru. Aliuliza fasi zote, aliingia mpaka mu nyumba ya maiti, hakukukuta. Alikuta lori yenye ulipanda, imeungua pembeni ya barabara. Ku kijiji ya karibu mutu akamupa koti yako, ile ya bluu yenye nilishonea kifungo cheusi sababu cha bluu kilikosekana. Nikaigeuza ndani na inje. Hakuna damu.

Bazee ba familia bakakaa. Baba mudogo akasema, "Mama Masika, tusimuache kijana inje namna hii. Tukate mugomba, tuuvalishe koti yake, tuuzike, tulie matanga. Apumuzike." Unajua desturi yetu, mutu akipotea na mwili hauonekane, mugomba unalala mu kaburi fasi yake. Na ku matanga salon inatolewa vyote, viti na meza, batu bakae chini ku mukeka. Akaonyesha vioo vyako na kidole. "Na hii maji imwagwe. Iko wadudu tu. Maji isiyokuwa na mwenyewe iko namna hii."

Nikasema hapana. Akasema nifikirie kwanza, atarudi.

Asubuhi moja akarudi kusikia jibu. Mimi nilikuwa na chujio mu mukono. Nikaona kadudu kamoja kamepanda ku jani lililotoka juu ya maji, kamekauka. Mugongo umepasuka. Macho iko, miguu iko, ndani hakuna kitu. Nikasema mu roho yangu, hata haka kamekufa. Nikakaweka mu kiganja cha koko ili ajue ni nini inakulaka samaki. Akapapasa na kidole. Pale pale tukasikia kitu inagonga ku dirisha, trr, trr. Kavira akavuta rido ya dirisha. Kadudu ka mabawa mane, kapya, mabawa inaangaza kama maji, kama tule tunarukaka juu ya Kimemi.

"Koko, katoka mu hii unashika," Kavira akasema.

Koko akageuza uso fasi baba mudogo alikuwa. "Kambale, uliniletea nini toka Beni?"

"Koti, mama."

"Na hapa mu mukono nashika nini?"

"Mama, hiyo ni mududu."

"Mududu anajua kuvua koti na kuenda zake. Mujukuu wangu ndiyo anashindwa?"

Baba mudogo akataka kucheka, ikakatala. Akafunika macho na kofia. Usimuchukie, Kasereka. Ni yeye alikufundisha kuendesha kinga, baiskeli yake, ni yeye alishika kiti nyuma akikimbia, na siku hizi amekonda.

Mais siwezi kukudanganya. Nilifungua dirisha, kadudu kakatoka, kakapita juu ya bati ya jirani, hakakugeuka hata kidogo. Hiyo ndiyo inaniuma. Labda uko muzima na njia ya nyumbani imefungwa. Labda uko mu pori unabebeshwa mizigo na batu babaya. Labda unaumwa kwa mutu asiyejua jina yako. Ingine siiandiki, mukono unakatala.

Bazee bakasema sawa, tungojee kidogo, mais mugomba uchaguliwe. Bakaniachia mimi nichague, kama mama. Nikaenda nyuma ya nyumba, nikagusa ule uliokuwa umetoka kutoa mukungu, vidole vyake vidogo kama vya katoto kachanga. Baba mudogo akasema, "Ule hapana, mukungu wake ni mubichi." Nikamujibu, "Muliniambia nichague. Nani alikata mugomba mbele ya mukungu kukomaa? Njaa itakuja kutucheka." Akaniangalia. Alijua. Akasema, "Sawa, siku mukungu unaiva, tunaukata."

Hapa Butembo baridi inakawiza ndizi, nilifikiri nimepata wakati mingi. Mais mvua ya mwaka hii ni mingi. Kila asubuhi nachuja tududu, namupa jike foufou kidogo kama ulivyosema, kisha naenda nyuma kuangalia mukungu. Sijautilia mbolea. Sijaukatia majani. Unajaa tu. Vidole vilikuwa na pembe, sasa pembe zinaisha. Jana nilikuta ndege imedonoa kimoja. Nikakikata, nikakificha, baba mudogo asione.

Mutoto wangu, tuma neno mbio. Kwa dereva, kwa telefone ya mutu, kwa mutu yeyote anayepanda Butembo. Kama huna maneno mingi, sema tu "samaki zinaendelea?" Nitajua ni wewe. Nitajibu, iko moja, inakungoja.

Mbio, Kasereka. Mukungu unaiva.

Ni mimi mama yako, Butembo.