Kiti cha Mbele Kilikuwa Wazi

Nakuru, 4 Juni 1957

Mpenzi Mama Zeddy,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mzima, ila mkono bado umefungwa, na ugali ninaoupika, hata mbwa wa jirani anaunusa kisha ananitazama kwa huruma. Wewe na watoto huko Kuresoi mmeamkaje? Matanga yamekwisha?

Nimetoka kwa kampuni ya bima. Karani ameuliza kwa nini siku pikap ilipopinduka marehemu mama yako alikuwa nyuma, juu ya magunia ya viazi, na kiti cha mbele kilikuwa wazi. Nikamwambia, "Bwana, huyo ni mama mkwe wangu. Nitakaaje naye bega kwa bega?"

Akacheka. "Mzee, bima haijui mkwe. Nyuma ni kwa mizigo. Andika alikaa mbele, tulipe gari na fidia yake. La sivyo, hakuna kitu."

Sijaandika. Nishauri.

Mumeo,
Baba Zeddy

Kuresoi, 15 Juni 1957

Baba Zeddy,

Salamu. Watoto hawajambo. Mimi nalala, naamka.

Usiandike. Miaka kumi na mitano Mama akikuona njiani alipita kando, ndani ya mahindi. Leo yuko kaburini ndipo umkalishe ubavuni mwako, tena kwa sahihi yako? Ndugu zangu wanaitaka fidia hiyo. Mimi nataka jambo moja tu: Mama alisema neno kabla ya kufa?

Ni mimi,
Mama Zeddy

Nakuru, 2 Julai 1957

Mama Zeddy,

Hamjambo huko? Mkono umefunguliwa. Umepona ukiwa umepinda. Sasa sura yangu ina mwenzake.

Niliandika ukweli. Bima wamekataa yote. Pikap nimeiuza kama chuma. Waambie shemeji wanilaumu mimi.

Lile uliloniuliza. Kabla ya ile kona ya Molo tulipopindukia, alipiga paa la gari kwa kiganja, mara tatu. Nilisikia. Magunia yalikuwa yameanza kuteleza, lakini hilo nililijua baadaye. Kusimama ni kushuka, nimtazame usoni, nimwulize, "Mama, kuna nini?" Sijawahi kumwuliza neno. Nikaona haya. Nikasema moyoni, tukifika Molo kuna wanawake, watamwuliza wao.

Akapiga tena. Nikakanyaga mafuta.

Hilo karani hakuuliza. Ukiweza kurudi, rudi. Usiporudi, nitajua kwa nini.

Baba Zeddy