Spea Nayo Inalipiwa

Jumatatu, 3 Agosti 1987
Naandika miniti za kamati ya barabara tena. Likizo yangu yote ni hii. Wazee wanne wa kanisa, Baba akiwa mwenyekiti, wameamua kila lori linalopita hapa Kilungu lilipe ushuru, tununue changarawe. Sawa. Lakini wanatoza kwa hesabu ya tairi, na spea, tairi ya akiba, nayo inalipiwa! Lori tupu la tairi kumi linalipa zaidi kuliko la tairi sita lililojaa mchanga mpaka springi zinalia. Niliona huo upuzi. Nikaandika tu. Mbele ya watu ulimi wangu hufa.

Mama ameanza kuchuma machungwa. Lori la mnunuzi ni Jumamosi.

Jumanne, 4 Agosti
Nimeandika bango la ushuru, Kiswahili na Kiingereza. Ujinga sasa una lugha mbili. Dereva mmoja akasoma, akacheka. "Mzee, hata usukani ni mviringo. Huulipishi?"
Baba: "Endelea, nitahesabu na huo mdomo."
Wazee wakapiga makofi. Makofi!

Alhamisi, 6 Agosti
Madereva wanaacha spea kule chini, barabara kubwa. Kamati inashangaa mapato yamepungua. Mzee mmoja eti tuombe.

Magunia arobaini yako tayari uani. Mwaka mzima wa mgongo wa Mama.

Jumamosi, 8 Agosti
Lori la mchanga limepasuka tairi kwenye kona. Dereva spea hana, aliiacha kwa sababu yetu. Likaziba barabara kutwa. Lori la mnunuzi likaja, likangoja, likageuza. Baba akamfokea yule wa mchanga: "Unasafirije bila spea?" Nilimchukia Baba. Kabisa.

Jumapili, 9 Agosti
Kanisani Baba amesema shetani ameingilia barabara. Shetani hakuandika bango. Niliandika mimi.

Baada ya ibada kamati ilikaa nje. Nikasimama. Nikasema watoze kwa uzito wa mzigo, lori tupu lipite bure. Sauti ya panya.
Mzee mmoja: "Mtoto wa mwenyekiti, kaa chini."
Nikakaa. Vichwa vya mawe.

Jumatano, 12 Agosti
Mnunuzi amepata machungwa kwingine. Yetu ya chini ya magunia yameanza kuoza. Mama anachagua, mazuri huku, mabovu kule. Mabovu ni mengi. Baba alikuja akachuchumaa karibu nami.
"Ulisema kwa uzito?"
"Eeh, Baba."
"Utapimaje?"
Nikamweleza polepole: springi zikilala, mzigo ni mzito. Akasikiliza mpaka mwisho. Mama hakuinua kichwa.