Alama Kwenye Kidole cha Barasa

Kihoto, Naivasha
Jumapili

Mama yangu,

Pokea salamu kutoka huku kwenye maji. Mgongo unasemaje? Kuku wangapi wamebaki? Na lile paa la jikoni, ndugu yangu Simiyu amelipanda au bado anaahidi? Mimi sina homa. Mwanangu Barasa anakula. Phanice unamwona mwenyewe, ameketi mbele yako na hii karatasi mkononi, kwa sababu macho yako hayaoni maandishi na tangu awe darasa la tatu yeye ndiye msomaji wako wa barua, wa Biblia na wa chupa za dawa. Basi tumeshajuliana hali sote watatu.

Phanice, soma polepole, soma kwa sauti, na usiruke mahali. Ukikuta nimekutukana, jisomee matusi yako. Bahasha sikuitia gundi. Ungeweza kuisoma njiani, lakini nakujua, cha mtu hukigusi. Hiyo ndiyo tabia yako nzuri, na ndiyo iliyonifanya nikuamini kwa mambo mengine.

Mama, najua umeona sipigi simu. Kwenye simu unalia, na ukilia mimi husahau nilichotaka kusema. Karatasi haibembelezi mtu.

Ziwa lilipanda tena. Ile nyumba uliyokuja kutuona tuliihama tumevaa gambuti, godoro kichwani, na sasa viboko wanalisha pale nilipokuwa nikianika nepi. Tumepata chumba kimoja upande wa juu. Kazini nimepandishwa cheo, nasimamia meza mbili za kupanga waridi kabla hazijaenda kwenye chumba cha baridi. Kuanzia Januari hakuna kupumzika, maana Wazungu wanataka maua ya kupeana wakipendana. Kwa hivyo Barasa alikuwa mikononi mwa Phanice kutoka alfajiri mpaka giza. Nakueleza hivyo si kujitetea. Nataka uone vile mambo yalipangika.

Barasa alipofikisha miezi tisa nilimwambia Phanice ampeleke kliniki akadungwe ile ya surua. Jioni akaniambia, "Dada, dawa zimeisha. Tumeambiwa turudi." Mwezi uliofuata nikamtuma tena. Jibu likawa lilelile, dawa zimeisha. Nikailaumu serikali, nikalala. Halafu siku moja bombani nikamsikia mama wa mlango wa pili akisema wake amedungwa juzi, na dawa zilikuwa zimejaa friji. Njia ya mwongo ni fupi, Mama, wewe ndiye uliyenifundisha msemo huo.

Nilipomkabili hakukana. Alisema, "Aki dada, sikutaka aende kama Juma."

Unajua nilifanya nini? Nilicheka. Nilimwita mshamba. Nilimwambia amesoma mpaka kidato cha nne na bado kichwa kimejaa maji kama nyumba za Kihoto. Nilimwambia kama ni uoga wa sindano, basi arudi kijijini akachunge mbuzi, mbuzi hawahitaji akili yake. Alikuwa akiosha chupa ya mtoto, akaendelea kuiosha mpaka nikamaliza. Nikamwambia, "Jumamosi watu wa chanjo wanapita nyumba kwa nyumba. Wakimaliza wanampaka mtoto wino kwenye kidole. Nikirudi nisione ile alama, panga nguo zako."

Ningeweza kuomba ruhusa ya nusu siku nikampeleke mwenyewe. Sikuomba. Nilikuwa na cheo cha wiki tatu na sikutaka kukiharibu.

Jumamosi jioni nikarudi. Barasa akaninyooshea mkono, na kwenye kidole chake kidogo kulikuwa na wino mweusi umeshika ukucha. Nikakibusu kile kidole, Mama. Nikampa Phanice ile sweta yangu ya kijani, bila shaka ndiyo aliyovaa sasa hivi. Niliomba alama nikapewa alama.

Wiki mbili baadaye homa ikaanza. Macho mekundu, pua inatiririka, halafu vipele kutoka nyuma ya masikio kushuka mpaka miguuni. Nikamkimbiza hospitali. Nesi, mama wa makamo, alimgeuza mkono na kuuliza alichanjwa wapi. Nikasema nyumbani, watu walipita. Akaniambia, "Sisi hupaka kidole kidogo cha mkono wa kushoto. Hiki ni cha kulia."

Phanice alikuwa amekaa akitazamana na mtoto alipompaka. Kushoto kwake kulikuwa kulia kwa Barasa. Na kalamu ilikuwa yangu, ile nene ya wino usiofutika tunayoandikia ndoo za maua. Niliileta nyumbani mimi mwenyewe.

Nilimpiga kofi mbele ya wadi nzima. Nikampiga la pili. Wamama wenye watoto wagonjwa waliacha kunyonyesha wakatazama. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kumlazimisha ayasome mbele yako, anayakumbuka. Yule nesi hakunigombeza. Alimshika Phanice mkono, akamketisha kwenye benchi karibu na kitanda chetu, akamuuliza, "Sasa niambie, wewe unaogopa nini hasa?"

Miezi mitatu nilikuwa nimemwamuru, nimemcheka na kumtisha. Hilo swali sikuwahi kumuuliza.

Phanice akamsimulia habari za Juma kama ulivyomsimulia wewe tangu akiwa wa miaka minne, ulipomchukua baada ya mdogo wako, mama yake, kufariki. Kwamba nilikuwa na kaka mdogo, mnene, mwenye kicheko. Kwamba alipelekwa zahanati akiwa mzima, akadungwa chanjo, na jioni akafa mikononi mwako. Phanice alilia akieleza. Alisema, "Mimi nampenda Barasa kuliko mwili wangu. Ningempeleka aje?" Nesi akamuuliza kwa upole, "Huyo Juma, vipele vilitoka kabla ya sindano au baada?" Phanice akasema, "Baada. Mama alisema." Kisha akanigeukia. "Dada, wewe ulikuwepo. Si ni baada?"

Nikasema naenda kutafuta maji ya moto.

Barasa alitoka baada ya siku tisa. Tukamshukuru Mungu, tukachinja kuku. Ilichukua wiki nyingine kugundua. Nilikuwa nyuma yake, mfuniko wa sufuria ukaniponyoka ukaanguka kwenye saruji, nami mwenyewe nikaruka. Yeye aliendelea kucheza na kijiko. Daktari wa masikio anasema surua imeingia ndani na kuharibu. Sikio moja limekwisha kabisa, la pili anaona kama limekwenda pia, tumeambiwa turudi apimwe tena. Kwa hivyo usimwite tena kwenye simu, Mama. Ule wimbo wako wa kumrusha mtoto, aliokuwa akiusikia akaitafuta simu kwa mikono yote miwili, sasa unaniimbia mimi peke yangu, na mimi sitaki.

Nikamwadhibu Phanice. Nilimpa kazi: kila asubuhi na kila jioni agonge sufuria nyuma ya mtoto mara kumi, na nikirudi aniambie ni mara ngapi amegeuka. Siku ya kwanza akasema hakuna. Ya pili hakuna. Ya tatu hakuna. Siku ya nne akaniambia, "Dada, leo amegeuka mara mbili." Alitabasamu akisema. Nilimtazama usoni nikajua ananidanganya, na nikajua kwa nini. Ni mimi niliyemfundisha. Nikitaka alama anachora alama, nikitaka mtoto ageuke anamgeuza. Anafanya hivyo ili nyumba ipate kutulia.

Na hapo ndipo nilipokukumbuka wewe.

Sasa Mama, nakuja kwako. Ukimwambia Phanice aache kusoma hapa, atajua kwa nini. Phanice, endelea.

Nilikuwa na miaka minane. Baba alikuambia umpeleke Juma kliniki wakati wa mvua za kwanza. Ulisema ukimaliza kupalilia. Ukamaliza kupalilia, ukasema baada ya matanga ya shangazi. Kisha surua ikaingia kijijini, na Jumatatu Juma akaamka na macho mekundu. Mimi ndiye niliyembeba mgongoni wiki hiyo, nilisikia joto lake likipenya kwenye sare yangu. Jumatano vipele vilikuwa vimejaa uso. Baba alikuwa kazini Eldoreti, angerudi Jumamosi. Ijumaa ndipo ulipokimbia naye zahanati, na sindano waliyomdunga ilikuwa ya kujaribu kumwokoa, si ya chanjo. Alikufa jioni hiyo. Jumamosi Baba aliingia akakuta watu wamekaa nje, nawe ukamwambia, "Nilimpeleka mzima wakamdunga." Halafu ukanivuta nyuma ya jikoni ukaniambia nikifungua mdomo Baba atakufukuza na nitalelewa na mama mwingine.

Sikufungua mdomo. Baba amekufa akiichukia ile zahanati, nami nikampa mwanangu jina lake na bado sikufungua mdomo. Nesi aliniuliza kwa kinywa cha Phanice, nikaenda kutafuta maji ya moto. Kwa hivyo usidhani najiweka kando. Uliianza wewe, nikaitunza mimi, Phanice akailipia, na Barasa ndiye hasikii. Nilisema njia ya mwongo ni fupi. Yako imekuwa ndefu, Mama, imefika miaka ishirini na mbili na imefika Naivasha.

Nakuelewa. Nimekaa na mtoto mwenye homa, najua mtu anaweza kusema neno lolote ili asiwe yeye aliyeua. Nakuelewa, lakini sijakusamehe, na sitaki uniombe msamaha kwa simu ukilia.

Nataka kitu kimoja. Umeagiza Phanice arudi amsaidie mke wa Simiyu na mapacha. Mapacha wanatimiza miezi tisa wiki hii. Mama yao anakuamini, naye amekwisha kumwambia Phanice kwamba wale wa kwake "hawatadungwa kama Juma". Sikupi nafasi ya kufa na hili neno tumboni. Mwite mke wa Simiyu, mkalishe karibu na Phanice, uwaambie kwa mdomo wako vile ilivyokuwa, siku kwa siku. Wakisikia kutoka kwangu watasema ni hasira zangu kwa ajili ya mtoto wangu. Mficha maradhi kilio humfichua, na sisi tumeshalia mara mbili.

Msalimie Simiyu, mwambie paa. Msalimie mke wake na mapacha wote wawili, yule wa kulia na yule wa kunyamaza. Msalimie mama mchungaji aliyenifunga nywele siku ya harusi, na yule mzee jirani anayekuletea maziwa, mwambie ng'ombe wake nawakumbuka kuliko watu wengi. Nimekuwekea majani ya chai na sabuni ndani ya mfuko wa Phanice, chini kabisa.

Ni mimi binti yako,
Metrine, mama Barasa

Phanice, bado uko hapo? Hii ya mwisho ni yako, lakini isome kwa sauti vilevile. Ulinidanganya mara nne na sijasahau hata moja. Uliniuliza swali moja tu, mara moja, na mimi nikakukimbia. Jibu ni kabla. Vipele vilitoka siku mbili kabla ya sindano. Hukuwa mjinga, uliamini watu wako.

Mama akianza kulia, usimpe kitambaa kwanza. Weka karatasi chini, ngoja aanze kusema. Akinyamaza nanyi nyamazeni, msimwondokee. Akimaliza, wewe beba pacha mmoja, mama yao abebe mwingine, Mama awe mbele kwa sababu ile njia ya zahanati anaijua. Na mkirudi msinitumie picha ya kidole.