Kiti cha Nyuma cha Mama

Karakana ya Makochi,
Nyuma ya Duka la Dawa.
14 Juni

Mpendwa Mama Mdogo,

Shikamoo. Huku hatujambo. Mafua ya mama yamekwisha na ulimi wake umerudi mahali pake, basi ujue ni mzima. Mgongo wako unaendeleaje na baridi ya huko? Usitufiche.

Baiskeli ya umeme uliyotutumia ilifika salama. Nikwambie kweli, nilipoifungua nilinuna. Moyo ulikuwa kwenye cherehani ya kushonea ngozi. Leo naenda nayo karakana bila kumbembeleza mtu, narudi na vitambaa, mboga na dawa za mama, kisha betri naichomeka kwenye soketi ya pasi.

Lakini shukrani yangu kubwa ni nyingine. Kaka alishaamua mama ahamie kwake, eti mimi sina gari la kumpeleka kliniki. Mama hakutaka, anajua kule atashinda peke yake akitazamana na geti. Tena mwenye gari ndiye aliyemsahau kliniki mara mbili. Ila mkubwa hakosei, sisi ndio tuliochelewa kuzaliwa. Akaniuliza mbele ya mke wangu, "Utambeba mama kama gunia?"

Nikaona vema, tuanze na gunia. Mama alikataa kupanda mizani, akasema yeye si mbolea, nikamkadiria kilo sitini. Nikafunga nyuma ya baiskeli gunia la mchanga kilo sabini, maana mama hatembei na mkoba mtupu, nikapanda nao mlima wa hospitali na kurudi. Betri ilibaki zaidi ya nusu. Ndipo nikamtengenezea kiti: sponji nene, ngozi iliyobaki kwenye kochi la daktari wa meno, pa kuegemea, pa kushika, pa kukanyagia, na mkanda. Mke wangu akasema kimekosa meza ya chai tu.

Jumamosi, siku ya kliniki, kaka akaja kumhamisha moja kwa moja. Alishapakia sanduku la mama kwenye buti alipogeuka akamkuta mama juu ya kiti chake uani, kofia ngumu kichwani, kadi mkononi. Akamwomba ashuke waende. Mama akakaza mkanda, akasema, "Baba, wewe tangulia na gari. Sisi tutakusubiri huko."

Tulimpita kwenye foleni ya magari, mama akampungia mkono. Alipofika, daktari alishamaliza na sisi.

Kaka alitufuata nyumbani polepole, akafungua buti, akalibeba sanduku mwenyewe hadi chumbani kwa mama, na akauliza alirudishe upande gani.

Msalimie sana baba mdogo na mapacha. Mke wangu anakusalimu, na mama anasema ukija atakupisha kitini, mara moja tu. Mungu akuongezee pale ulipojipunguzia kwa ajili yetu.

Mwanao akupendaye,
Fundi Makochi