Kabla Sijang'olewa Meno

Kwako Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa, miwani iko puani na si juu ya kipara, na wifi yuko karibu, maana utamhitaji. Sisi huku ni wazima. Cherehani inakata uzi kama kawaida yake, sare za shule zimejaa hadi kitandani, na mpwa wako amerudi likizo akiwa amenenepa na kunisahihisha kila ninalosema. Huyo ndiye aliyekuletea barua hii mkononi, na nimemwagiza asiondoke hapo mpaka ufike kwenye sahihi. Ukimfukuza, atasubiri mlangoni.

Kwanza nakushukuru kwa kunitafutia bingwa wa meno. Mtu anayesubiri zamu miezi minne kwa ajili ya meno ya mdogo wake si kaka tu, ni mzazi. Ulinieleza kwa simu yote aliyokuambia: kwamba mtu aliyeumwa meno miaka ishirini na moja mfululizo hana tena meno, ana majipu, kwamba Alhamisi gari litanifuata saa mbili asubuhi, nitang'olewa ya nyuma yote, na ya mbele yataangaliwa kama yanastahili huruma. Nilipotaka kusema neno ulinikatiza, ukasema woga wangu unaujua tangu utotoni. Stesheni masta ni stesheni masta hata akistaafu. Ukishapuliza filimbi, treni lazima iondoke.

Ndiyo maana naandika. Kwenye simu wewe husikilizi, unatoa matangazo. Mpwa wako amenisema wiki nzima. Juzi aliweka chini kijiko akanitazama, akaniambia, "Mama, mwambie mjomba ukweli kabla hujawa kibogoyo."

Nianzie mbali kidogo, univumilie. Unaikumbuka miaka ile ya mwanzo, redio ilipokuwa ikitangaza ule ugonjwa kwa ngoma ya msiba na sauti ya mtu anayeongelea ndani ya pipa. Ukutani pale zahanati walibandika bango la fuvu na mifupa miwili iliyopishana, chini yake maandishi mekundu kwamba unaua. Zaidi ya hapo hawakutuambia kitu, na sasa najua hawakuwa nacho. Basi watu tukajazia wenyewe. Kinyozi wetu alikosa wateja hadi akaanza kujinyoa mwenyewe ili asisahau kazi. Mimi kila mteja alinijia na sindano yake ya cherehani kaifunga kwenye karatasi, akisimama kichwani pangu ahakikishe naitumia hiyo. Nyingi zilikuwa butu. Nilisubiri ageuke nikatumia yangu, na gauni lilipopendeza aliwasifia wenzake sindano yake.

Kisha Dada yetu akaugua, na kicheko kikatuishia. Wengine walimsukumia sahani kwa mpini wa ufagio. Wewe ulimwogesha kwa mikono yako, ukamlisha, ukamsomea ratiba ya treni kwa sababu alipenda kusikia majina ya stesheni alizokuwa hajafika. Sijawahi kukuambia, lakini nilisimama nyuma ya mlango nikasikiliza, nikawaza kwamba mtu mwenye kaka kama huyu hawezi kuwa maskini. Dawa hazikuwepo. Zilikuwepo nchi za wengine, tulikuwa tukizisikia tu. Siku tuliyomzika ulisimama kando ya udongo mbichi ukasema, "Mkiniletea tena habari ya ugonjwa huu, mnichimbie na mimi kabisa."

Wengine walidhani ni uchungu ulikuwa ukiongea. Mimi niliichukua kama amri. Miaka minne baadaye, mume wangu alipofariki, tulikuambia ni homa ya mapafu. Haukuwa uongo mzima, ulikuwa nusu. Na mwaka ule ule, kama utakavyokumbuka, nikaanza kuumwa meno.

Hapo sasa lazima nikueleze zahanati yetu ilivyokuwa. Mwisho wa ukumbi kulikuwa na milango miwili inayotazamana. Wa kushoto uliandikwa Kinywa na Meno. Wa kulia uliandikwa Chumba Namba Tisa, basi, lakini kila mtu alijua ndani yake kuna nini. Na benchi lilikuwa moja kwa milango yote miwili. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kukaa pale kusubiri namba tisa, Kaka. Wote tuliumwa meno. Ungepita Jumanne ungeona safu ya watu wazima, mwalimu mkuu, muuza mkaa, polisi na kofia yake, kila mmoja kashika shavu na kuguna kwa zamu. Daktari wa meno, mtu mwema asiyejua kitu, aliamini mji umeingiliwa na janga. Aliwaandikia wakubwa wake akiomba maji ya bomba yapimwe. Kilichomshangaza ni kwamba alipofungua mlango na kuuliza nani anafuata, wote tuliangalia viatu.

Jumanne moja nimekaa, shavu mkononi, akaja jirani yangu Mama Redio. Jina hilo tulimpa kwa sababu alilolisikia asubuhi, mchana mtaa mzima ulikuwa nalo. Akaketi kando yangu, naye kashika shavu. Tukapeana pole. Akaniuliza jino gani, nikamwambia la nyuma, nikamuuliza lake, akasema na lake la nyuma. Mlango wa kushoto ukafunguka, daktari akauliza nani anafuata. Mama Redio akanitazama. Mimi nikamtazama. Nikaona nikiendelea kukaa, kufikia saa saba nitakuwa habari. Nikasimama, nikaingia.

Daktari alinigongagonga akasema hili jino ni zima. Nikamwambia linauma kwa ndani zaidi. Akanihurumia, akaling'oa. Nilipotoka na pamba mdomoni, daktari akiwa bado kashika kitasa, nilimwona Mama Redio anameza mate, kisha akainuka, akaingia na yeye.

Mwezi uliofuata niliitwa namba tisa kwa somo la wagonjwa. Nani yuko kiti cha mbele? Mama Redio. Tulitazamana, mimi nikafungua kinywa, na yeye akafungua kinywa, kila mtu ana pengo lake la nyuma. Tulicheka mpaka nesi akatutoa nje tukajifute machozi. Kama walivyosema wahenga, mficha maradhi kilio humuumbua. Na nikuambie, redio ile ilitangaza ya kila mtu mtaani, lakini jina langu halikupita hewani hata siku moja.

Basi ndiyo hivyo, Kaka. Meno yangu hayajawahi kuuma. Nina virusi vya ukimwi, miaka ishirini na moja sasa. Nimeandika, na kalamu haijavunjika. Karafuu ulizoniletea nilizitia kwenye chai, na chumvi ya kusukutulia tumeipikia mboga miaka yote.

Usishtuke, au shtuka kidogo tu, halafu uendelee kusoma. Nilipogundulika nina virusi nilikuwa na mimba ya huyo aliyekaa mbele yako. Dawa ya kumkinga mtoto ilikuwa ndiyo kwanza imefika, nikapewa mimi, akapewa na yeye matone siku aliyozaliwa. Walimpima mara tatu. Hana. Mtazame alivyojaa mashavu, kisha uniambie kama kuna kitu cha kuogopa.

Mimi mwenyewe nilisubirishwa. Wakati ule dawa zilikuwa chache, walimpa yule ambaye kinga yake imeshuka sana, na yangu ilikuwa bado juu kidogo. Ndiyo mara ya kwanza maishani mwangu kunyimwa kitu kwa sababu nimefaulu. Ilipoporomoka mwaka uliofuata, nikapewa vidonge konzi nzima, vikubwa kama vifungo vya koti, asubuhi na jioni, tena kwa saa isiyobadilika. Kimojawapo kilileta ndoto za ajabu. Mwezi mzima niliota napima mbuzi sare za shule, na mbuzi wanalalamika zinabana. Baadaye vikapungua, vikawa viwili, vikawa kimoja. Siku hizi anayekutwa na virusi anaanza dawa siku ile ile, haambiwi akasubiri azidiwe. Zamani nilikwenda kila mwezi, sasa nachukua za miezi sita kwa mkupuo. Damu yangu ikipimwa, mashine haivioni virusi, vimebaki vichache mno. Na nesi alitufundisha kwamba anayekaa katika hali hiyo na kuendelea na dawa hamwambukizi mwenzake wa ndani. Mama Redio aliposikia hayo hakungoja somo liishe. Ameolewa, mumewe hana virusi, na anachotulalamikia ni mkoromo.

Mwaka jana wamebomoa ukuta. Chumba Namba Tisa sasa ni stoo ya ndoo na mafagio, benchi wameliondoa, daktari wa meno yuko ghorofani na anapata wagonjwa wa kweli. Sote tunapanga foleni moja, wa presha, wa sukari na sisi. Mama Redio husema kwa sauti kwamba kafuata dawa zake za virusi, kisha anamgeukia wa mbele amuulize yeye kafuata nini. Mtaa umechoka kushangaa. Nilipokuwa nimesimama kwenye foleni ile ndipo nikaona aibu yangu nyingine, kwamba mtu mmoja tu ndiye ninayeendelea kumficha, na mtu huyo ndiye aliyemwogesha Dada.

Sasa limebaki moja, na hili ni zito kwangu kuliko la virusi, kwa sababu lile nililetewa, hili nimelifanya mwenyewe.

Nilipoanza dawa ilikuwepo sheria. Mgonjwa hapewi hata kidonge kimoja mpaka aje na msaidizi wake, mtu wa karibu anayejua hali yake na atakayemkumbusha kumeza kila siku. Mume sina, mama hayupo, mtoto ananyonya. Nesi akanisogezea fomu. Nikaangalia dari, nikaangalia sakafu, nikaandika jina lako. Uhusiano: kaka. Kazi: stesheni masta. Sahihi niliipeleka nyumbani, nikaiweka kwa mkono wa kushoto. Nesi alipouliza mbona huji, nikasema treni haziachiki, lakini wewe ni mkali na hunisahau. Kaka, una kadi pale zahanati. Una namba. Miaka ishirini wewe ni msaidizi wa matibabu na hujui.

Ila nisamehe nikikuambia kwamba kazi uliifanya. Kila siku, saa moja na nusu jioni, bila kupita dakika, unanipigia kuniuliza kama nimesukutua. Mwanzoni ulipiga kwa simu ya dukani, watu wakanicheka kwamba mume wangu mpya ni meno. Ulipiga ukiwa na homa, ulipiga siku ya msiba wa baba mkwe wako. Mimi nilikuwa nakuitikia, kidonge kiko ulimini, ndiyo maana ulidhani mdomo umevimba. Wenzangu wengi walianza dawa wakaziacha, na baadhi yao tumewazika. Mimi sijaruka hata jioni moja, kwa sababu kulikuwa na mtu ambaye kila siku alitaka kujua hali yangu. Nilikudanganya ugonjwa, lakini dawa ulinimezesha wewe.

Nesi yule anastaafu mwezi huu. Ameniomba nimletee huyo kaka, awaambie wasaidizi wapya anafanyaje mpaka mgonjwa wake hakosi. Akanipa nafasi ya kuchagua siku, nikachagua Alhamisi, kwa kuwa najua siku hiyo umeshapanga gari. Basi mfutie bingwa miadi, umwambie mgonjwa kapona, halafu hilo gari uje nalo mwenyewe. Huna haja ya kuandaa hotuba. Kaa tu, wakuone.

Najua uliyosema pale kando ya udongo, na najua leo nimeyavunja. Kama habari hii imekuumiza, nimekuumiza mimi, na naomba radhi. Lakini hakuna wa kuchimbiwa. Nina miaka hamsini na mbili, nashona sare mia moja kwa mwezi, na ninatafuna mahindi makavu.

Wifi mpe salamu zangu nyingi, umwambie vitambaa vyake viko tayari na kiuno nimekiacha na nafasi. Watoto wote wasalimie, na jirani wa mbele pia. Sina mengine, kilichobaki nakusubiri wewe. Leo jioni saa moja na nusu nitakuwa nimekaa, maji kwenye glasi, kidonge mkononi. Simu isipolia nitameza hivyo hivyo, maana umenifundisha vizuri. Lakini piga, Kaka. Na leo uliza dawa.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Fundi Cherehani