Bati la Nyanya Ndani ya Gurudumu

Papa,

Nina hasira na wewe. Siku za matanga watu walisimama mmoja mmoja kukusifu. Mimi nilinyamaza kama kawaida yangu, wakasema, "Mutoto huyu ana adabu." Haikuwa adabu. Sikuwa na maneno. Nimeyapata majuzi, ndani ya gurudumu la trakta yako.

Trakta imebaki pale ulipoiacha, kando ya matuta ya kabichi, na tela lake bado limejaa udongo wa Rutshuru ambao wewe ulitaka kuumwaga juu ya mawe ya volkano. Wiki mbili baada ya kukuzika, baba mdogo alikuja. Akatikisa magurudumu ya mbele, yakacheza kama meno ya mtoto. "Hii ni chuma ya kufa," akasema. "Jumamosi nang'oa moteri, naipeleka kwa mashine yangu ya kusaga mihogo." Mama akatazama chini. Unajua mwenyewe: bila trakta hakuna udongo wala maji, na bustani yetu inarudi kuwa mawe.

Nikasema nitaitengeneza. Nilisema polepole, lakini alisikia. "Weye? Na diplome yako?" Akacheka mpaka akakohoa.

Alicheka kwa sababu yako. Miaka sita nilikushikia kopo la buloni na nati. Kila nilipoomba kufungua hata moja, ulinijibu mimi binti yako, "Wewe soma, mama." Nimesoma, Papa. Nimemaliza. Hakuna mtihani ulioniuliza gurudumu linafunguliwaje.

Niliinua trakta kwa ubao na mawe, nikatoa pini, nikavuta gurudumu la kushoto. Rulema, ile pete ya chuma yenye gololi ndani, ilikuwa imekauka. Gololi mbili zimevunjika, vumbi jeusi kila mahali. Hilo nililitegemea. Sikutegemea bati. Ekseli inayobeba gurudumu ilikuwa imelika, na wewe ulikata kopo la nyanya, ukaizungushia bati lake ili rulema isicheze, kisha ukapaka grisi nyingi ili isilie. Gurudumu la kulia nalo vilevile. Bati juu ya bati.

Ulijua! Nilipouliza ile kelele ni ya nini, ulisema, "Ni uzee yake tu." Na siku ile uliposimama katikati ya matuta, mkono kifuani, nikauliza tena, ukasema, "Ni baridi ya asubuhi tu." Ukajifunga kitambaa kifuani, ukakikaza, ukaendelea kulima. Nilikaa chini nikalia kwa hasira mpaka Mama akaja kuangalia kama nimejikata. Kwa nini hukutuambia unaumwa? Tungekupeleka hospitali. Tungekubeba hata mgongoni.

Fundi wa kuchoma vyuma wa mtaa wa Katindo alijaza chuma palipolika, akapachonga. Rulema mpya ya kwanza niliiharibu mwenyewe: niligonga katikati, gololi zikakwama. Ndipo nilipokumbuka ulivyomkemea baba mdogo: "Gonga ukingo, usigonge moyo!" Kumbe nilikuwa nasikia yote, huku nimeshika kopo. Nyingine zote ziliingia vizuri.

Jumamosi baba mdogo alikuja na funguo zake za nati. Akatikisa gurudumu la kushoto. Halikucheza. Akatikisa la kulia, akazunguka, akarudi la kushoto. "Nani alikusaidia?"

"Hakuna mutu," nikasema. "Rudisha funguo zako kwa mufuko, baba."

Nikafuta grisi mikononi. Sikushusha macho.

Papa, tangu juma lililopita Mama anainama akishika ubavu. Jana nilimuuliza. Unajua alichojibu? "Ni uchovu tu."

Nilimwaga udongo wako wote palepale, nikatandika kitenge ndani ya tela, nikampandisha, nikawasha trakta. Alinigombeza njia nzima hadi hospitali: "Unanibeba kama kabichi! Watu wanatuona!" Walituona kweli, walicheka. Wamempa dawa, na kesho tunarudi kuchukua majibu. Naogopa sana. Lakini tumekwenda.

Hasira bado ninayo, nivumilie nayo kidogo. Pumzika, Papa. Mabati yako nimeyapigilia msumari kwenye mlango wa jikoni, Mama ayaone kila asubuhi. Nakuahidi: katika nyumba hii, kitu kikilia, tutakifungua.

Wako,
Furaha, mwenye kopo