Siku Nilipoziba Kijia cha Masanja

Mamba, Alhamisi, Desemba 1974

Mvua imenyesha tangu alfajiri, saa sita ikakatika ghafla, jua likatoka na vyura wakaanza kelele zao kwenye majaruba ya mpunga. Kila kitu kimechangamka isipokuwa mimi.

Niandike tu, daftari halina mdomo. Nina wivu.

Si wivu wa mke, wala wa ng'ombe, ingawa ng'ombe Masanja anao. Namwonea wivu wa Kilatini. Mtu wa miaka arobaini na minane, katekista, baba wa watoto sita, nimenuna kwa sababu ya lugha ambayo hapa Mamba hainunui hata chumvi.

Masanja ni jirani yangu tangu mwaka jana, tulipopangwa kijijini na kila mmoja akaonyeshwa kigingi cha kiwanja chake. Alitoka Usukumani na ng'ombe wake, mimi nilitoka ng'ambo ya mto na majembe mawili. Kusoma nimemfundisha mimi, kwenye kisomo cha watu wazima. Mkono wake mgumu nimeushika mimi mpaka ukaandika a.

Kisha akaniuliza swali. Jumapili moja niliimba zile nyimbo za zamani za Kilatini, ambazo naziimba tangu utoto bila kukosea. Masanja akanifuata nje. "Mwalimu, umeimba vizuri. Sasa, maana yake nini?"

Nikamjibu kwamba hayo ni maneno matakatifu, hayaulizwi.

Ukweli ni kwamba sikujua. Miaka arobaini naimba kama kasuku, tena kasuku mwenye maringo.

Yeye akaenda kumuuliza Padre. Padre, mzee anayependa kufundisha kuliko kula, akacheka akatuita wote wawili: Jumanne na Alhamisi, saa tisa, barazani kwake. Kitabu ni kimoja, tunapokezana. Nilienda nikijua nitang'ara. Nyimbo zote ninazo kichwani, nani atanishinda?

Masanja kanishinda. Padre akitaja neno mara moja, yeye kalimeza. Mimi nalisoma, nalirudia, nalala nalo, asubuhi limetoroka.

Leo tumejifunza jinsi mji wa Roma ulivyoanza. Watoto pacha, Romulus na Remus, walitupwa mtoni, akaja lupa, mbwa mwitu jike, akawanyonyesha. Masanja akasema, "Padre, huku kwetu angekuja fisi, na hadithi ingeishia hapo." Padre alicheka mpaka akavua miwani. Mimi sijawahi kumchekesha Padre. Miaka yote hiyo.

Halafu Padre akasimulia kwamba Romulus alifunga nira ng'ombe dume na jike, akachora mpaka wa mji kwa plau. Lakini kuna mahali aliinua plau, akaibeba, akaishusha mbele. Kwa nini? Akaniangalia mimi kwanza. Nikasema labda palikuwa na jiwe.

"Hapo ni mlango," Masanja akasema. "Ukilima panapopita watu, kesho wapite wapi?"

Padre akapiga meza kwa furaha. Jiwe langu likaniangukia mwenyewe.

Mwisho wa hadithi, Remus aliuruka ukuta wa ndugu yake kwa dharau, ndugu yake akamuua. Padre akauliza tunaonaje. Nikasema mpaka ni mpaka. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko ilivyohitajika.

Sasa nifike kwenye aibu yenyewe.

Niliporudi nyumbani nilichukua panga, nikakata miiba, nikaziba kile kijia kinachopita kwenye kona ya shamba langu, ambacho watu wa Masanja na mbuzi wake wanapitia kwenda mtoni. Na kitabu, ambacho zamu yake ilianza juzi, nilishamwambia kimelowa mvua, nimekianika. Kiko sandukuni, chini ya koti langu la harusi.

Mke wangu aliniona nikikificha. "Baba Kristina," akasema, "siku hizi vitu vinaanikwa sandukuni?"

Nikajifanya sijasikia.

Jioni hii nilikuwa nimesimama shambani, jembe begani, nikiitazama kazi yangu. Masanja akatokea. Akaifikia miiba, akapandisha suruali, akavusha mguu mmoja. Akabaki hapo katikati, akaliona jembe langu, akanyoosha mikono juu.

"Mwalimu, usiniue! Remus mie, napita tu!"

Akacheka peke yake. Akavusha na mguu wa pili, mwiba ukamchana ugoko, akaufuta kwa kidole.

"Umeziba vizuri," akasema. "Nilijua tu mbuzi wangu watakuchosha. Unisamehe, mwalimu."

Ananiomba msamaha yeye!

Kumbe amekuja kuniambia kwamba udongo umelainika, kesho asubuhi ataleta ng'ombe alime jaruba langu kwanza, la kwake litafuata. Nikamuuliza anataka nini. Akajikuna kichwa.

"Kile kitabu kikikauka, unisomee. Mimi Padre akisema nashika, ila kusoma bado nafuata na kidole, mstari mmoja jua linazama. Wewe unasoma kama maji. Nakuonea wivu, sikufichi."

Alisema hivyo hivyo, kama mtu anayetaja bei ya mahindi. Mimi nimelibeba neno hilo wiki tatu kama jipu.

Nikamwambia haya, kesho. Akaondoka kwa kuiruka miiba ile ile.

Nimekitoa kitabu sandukuni. Kikavu, hakijapata hata umande. Nimekiweka mezani, na karibu yake kikombe cha maji. Nimewaza: nikikinyunyizia kidogo tu, kurasa mbili tatu zijikunje, nitakuwa sijadanganya.

Mke wangu amekuja kuweka ugali. Ameangalia kitabu, ameangalia kikombe, ameniangalia mimi. Angesema ingekuwa nafuu.

Maji nimeyanywa.

Kesho niamke kabla ya ng'ombe, niondoe miiba. Kitabu nimpe mkononi, kikavu hivyo hivyo, na akiuliza kimekaukaje, nimwambie.